Maisha ya Mjini: Kiwanja cha Bei Nafuu Bondeni

Wiki iliyopita niliahidi kueleza jinsi ya kuhifadhi maharagwe yasishambuliwe na wadudu. Ahadi ni deni, nami nitalilipa. Lakini wiki hii naomba radhi kwa wasomaji, kwani imenifikia barua ambayo haifai kungojeshwa.

Aliyeiandika ni dada mmoja, mke wa askari polisi, anayekaa hapa hapa Kisugu, upande wa chini unaopakana na Namuwongo. Mumewe amepelekwa kazini mbali na Kampala, naye amebaki na watoto watatu katika chumba kimoja cha kupanga, kile ambacho kwa Kiganda huitwa muzigo. Anaeleza kwamba mvua za safari hii zimeingia ndani mara mbili, zote usiku. Godoro lililowa, unga uliharibika, na mtoto mdogo aliharisha kwa muda wa wiki nzima. Juu ya hayo mwenye nyumba amepandisha kodi.

Sasa amejitokeza mtu anayeuza kiwanja huko chini zaidi, ng'ambo ya reli, penye mafunjo. Bei yake ni ndogo, hata akiba ya mumewe katika chama cha ushirika inaweza kutosha. Muuzaji anayo karatasi iliyopigwa mhuri, naye anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mume amejibu kwa simu kwamba mke aamue, kwa kuwa yeye ndiye aliyepo. Basi dada yetu anauliza maswali mawili. La kwanza: tununue? Na la pili, ambalo nalinukuu kama alivyoliandika: "Huu mji unakua au unakufa? Maana kila nikiinua macho naona maghorofa yakiongezeka kule juu Muyenga, na kila nikitazama chini naona sisi tunazama."

Nitaanza na swali la pili, kwa sababu ndani yake mna jibu la lile la kwanza.

Kwa hesabu ya vichwa, Kampala inakua bila shaka yoyote. Mwaka 1968 mipaka ya mji ilipanuliwa, na hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilikuta wakazi wapatao 330,000. Mwaka 1980 walifika kama 458,000, mwaka 1991 kama 774,000, na mwaka 2002 walipita 1,180,000. Mwaka 2014 walikuwa kiasi cha milioni moja na nusu, na hesabu ya mwaka 2024 ilikuta karibu 1,800,000. Hao ni wale walalao ndani ya mji tu. Wilaya ya Wakiso inayotuzunguka ilikutwa mwaka huo huo na watu zaidi ya milioni 3, ambao wengi wao huingia mjini asubuhi na kutoka jioni. Yaani katika muda wa miaka 55 watu wameongezeka zaidi ya mara tano, lakini vilima ni vile vile na mabonde ni yale yale.

Hata hivyo mji kukua ni jambo moja, na mji kukalika ni jambo jingine. Tazameni Jinja, mji ambao askari wengi wanaufahamu kwa sababu ya kambi zake. Baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, Jinja ulikuja kuwa mji wa viwanda wenye umeme, nguo, chuma na shaba. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa nchini, na miaka iliyofuata viwanda vikakosa vipuri, mafundi na malighafi. Hesabu ya watu ya mwaka 1980 ikakuta Jinja ina wakazi wachache kuliko ile ya 1969. Barabara zake zilikuwa bado zimenyooka na nyumba zilikuwa bado zimesimama. Kilichokuwa kimeondoka ni kazi, na kazi ikiondoka watu huifuata.

Kisugu tuna ugonjwa wa namna nyingine. Kazi tunayo karibu. Mtu anaweza kutoka hapa kwa miguu akafika eneo la viwanda, au Kabalagala kwenye biashara ya usiku na mchana, au Kibuli na Nsambya kwenye shughuli za polisi, hospitali na reli. Ndiyo maana watu wanakuja wala hawaondoki. Askari wengi wasiopata nafasi kambini wanapanga huku kwa sababu hiyo hiyo. Jinja ile ilikuwa sahani nzuri isiyo na chakula. Kisugu ni chakula kingi kinachomwagika kwa kukosa sahani. Sahani ninayoisema ni mifereji, vyoo, mabomba, njia za kupita na mahali pa kutupa taka.

Kwa nini tulikosa sahani? Sababu moja ni ya kale. Ardhi kubwa ya Buganda iligawiwa kwa watu binafsi kwa mkataba wa mwaka 1900, ndiyo ardhi tunayoiita mailo. Serikali ya kikoloni ilijishughulisha na kuupanga mji wake wenyewe, na sehemu kubwa ya mitaa hii ya Makindye ilikuwa nje ya mpango huo. Wenye ardhi waliuza vipande, wenye vibanja walijenga vyumba vya kupangisha, na wafanyakazi wakajaa. Mipaka ya mji ilipotufikia, nyumba zilikuwa zimeshatangulia. Barabara na mifereji ililazimika kupenya penye nafasi, na pasipokuwa na nafasi haikupita.

Sasa niwaombe wasomaji tufanye zoezi dogo. Nilipokuwa bado nikifundisha darasa la tano niliwauliza wanafunzi: maji tunayokunywa yanatoka wapi, na tukishayatumia yanakwenda wapi? Walijibu kwa haraka kwamba yanatoka bombani na yanakwenda mferejini. Nikawaambia hilo ni jibu la mtu aliyesoma ukurasa wa katikati peke yake. Turudi nyuma kurasa chache, kisha tusonge mbele.

Maji ya bomba yanavutwa kutoka ziwani, hapo Ggaba, husafishwa kwa dawa, kisha husukumwa na mashine kupanda mlima wa Muyenga hadi kwenye matangi makubwa. Ndiyo maana mlima huo watu wanauita Tank Hill. Kutoka kwenye matangi, maji huteremka yenyewe hadi majumbani mwetu. Tunapikia, tunafulia, tunaogea. Yakishachafuka yanateremka tena kwa vichochoro vya Kisugu hadi Namuwongo, yanavuka reli, na yanaingia katika mfereji wa Nakivubo uletao uchafu wote wa katikati ya mji. Mfereji huo huingia kwenye kinamasi cha mafunjo, na kinamasi humwaga maji yake katika ghuba ya Murchison. Katika ghuba hiyo hiyo, kilomita chache mbele, ndipo ilipo Ggaba, mahali tulipoanzia.

Maji yetu basi yanazunguka. Kinachotuokoa katika mzunguko huo, kabla ya dawa za mtamboni, ni yale mafunjo. Maji yakipita polepole katikati ya mizizi yake, tope hutulia chini na uchafu mwingi huliwa na mimea na vijidudu. Kinamasi ni mtumishi wa umma asiyepokea mshahara. Lakini kila mara anapokatwa mafunjo mtu apande magimbi, na kila mara kinapomwagwa kifusi ijengwe nyumba au kiwanda, maji hukosa mahali pa kupumzika na hukimbilia ziwani na uchafu wake. Hapo dawa za kusafishia huongezeka, na gharama yake hatimaye hulipwa na kila mwenye bomba, awe wa ghorofani Muyenga au wa chumba kimoja Kisugu. Hivi sasa mtambo mwingine mkubwa wa maji umejengwa Katosi, wilayani Mukono, mbali na uchafu wa ghuba yetu.

Dada yangu, kiwanja unachouziwa kimo ndani ya mwili wa mtumishi huyo. Hili ndilo jambo la kwanza la kulijua. Maji hayatakiingilia kiwanja hicho kama mgeni. Wewe ndiwe utakayekuwa mgeni wa maji. Mvua ikinyesha Kololo, Nakasero au Kibuli, maji yake yatakuja mlangoni kwako hata kama Kisugu kumekauka. Choo cha shimo hakichimbiki huko, kwa maana ukichimba futi chache unakuta maji. Mvua kubwa za El Niño za mwishoni mwa mwaka 1997 zilifuatwa na kipindupindu hapa Kampala, na waliopata taabu zaidi ni wa mabondeni.

Jambo la pili ni sheria. Katiba ya mwaka 1995 inasema kwamba vinamasi, mito na maziwa ya asili viko chini ya amana ya Serikali kwa manufaa ya wananchi wote. Hata hati miliki iliyotolewa ndani ya kinamasi baada ya mwaka huo inaweza kufutwa, na mwaka 2014 Serikali iliamua kwamba zifutwe. Ikiwa hati yenyewe haina nguvu, sembuse karatasi yenye mhuri wa mtaa? Mhuri wa Halmashauri ya Mtaa ni ushahidi wa majirani kwamba mliuziana. Hauwezi kumpa muuzaji kitu asichokuwa nacho. Kumbuka yaliyotokea mwaka 2014, vibanda vilipobomolewa kando ya reli hapa Namuwongo. Kumbuka pia mwaka 2024, watu walipoondolewa katika kinamasi cha Lubigi. Wengi wao walikuwa wamenunua kwa fedha halali walizozitolea jasho. Na wengine katika kazi hizo huamriwa kusimamia usalama. Hebu fikiri siku ambayo mumeo atapangwa kusimamia ubomoaji wa mtaa anaoishi mkewe.

Jambo la tatu tumelijifunza hapa hapa nyumbani. Mwaka 1987 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Makazi kwa Wasio na Makao. Karibu na wakati huo Serikali yetu ilianzisha Namuwongo mradi wa mfano wa kuboresha makazi: viwanja kupimwa, njia kufunguliwa, wakazi wa kipato cha chini kupewa nafasi ya kumiliki na kujenga. Lilikuwa wazo jema, na sehemu zilizopimwa zinaonekana mpaka leo. Lakini kiwanja kilipopanda thamani, wengi waliokusudiwa walishindwa na gharama za kujenga nyumba ya kiwango kilichotakiwa. Wakauza kwa wenye uwezo, wakapokea fedha, wakateremka kando ya reli na mfereji wakaanza upya. Mtaa ulipendeza, lakini wale wale waliohitaji kusaidiwa wakajikuta wako chini zaidi ya mahali walipoanzia. Mji uliongezeka nyumba nzuri, na watu wa bondeni waliongezeka vile vile.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni hili: usinunue. Silisemi kwa urahisi, kwa maana najua kupanga kunachosha, na mke wa askari hutamani mahali ambapo uhamisho hautamfukuza. Lakini fanya hesabu kama ufanyavyo ya sokoni. Weka bei ya kiwanja, ongeza kifusi cha kuinua msingi, ongeza choo cha kujengwa juu ya ardhi na fedha za kukimwaga, ongeza dawa za watoto, kisha ongeza hatari ya kupoteza vyote siku moja bila fidia. Utaona kwamba kile cha bei nafuu ndicho ghali kuliko vyote. Rahisi inavunja upishi, wahenga walisema.

Badala yake, fedha zikae kwanza katika ushirika. Ukiweza, hama upande mita mia mbili tu juu ya mteremko, hata ikibidi kushirikiana nyumba ya vyumba viwili na familia nyingine ya askari mnayeaminiana. Kodi itazidi kidogo, lakini godoro halitalowa. Kisha tafuteni polepole kiwanja kidogo penye ardhi kavu, Mukono au Wakiso, mkihesabu mapema nauli na umbali wa shule. Na siku ya kununua mzingatie haya:

Kwanza, nendeni mkakitazame kiwanja siku ya mvua. Muuzaji hupenda kuwaonyesha wanunuzi wakati wa kiangazi.

Pili, kama kina hati, mwende ofisi ya ardhi mkaikague hati hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja, na mpimaji ahakikishe kwamba namba iliyoandikwa ndiyo ya kiwanja mnachoonyeshwa.

Tatu, kama ni kibanja katika ardhi ya mailo, mumtafute mwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inataka ridhaa yake.

Nne, muulizeni muuzaji yuko wapi mkewe au mumewe. Ardhi ambayo familia inaishi au inajipatia chakula haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Na wewe, dada, jina lako liandikwe kwenye mkataba pamoja na la mumeo.

Mpaka mtakapohama, usikae ukiyangojea maji. Inua kizingiti cha mlango kwa matofali mawili na saruji. Unga, madaftari na vyeti viwekwe juu ya ukuta, si chini ya kitanda. Mvua zetu huja zaidi kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Septemba na Desemba. Basi mfereji uzibuliwe Februari na Agosti, kabla ya mawingu. Maji ya kunywa yachemshwe, yale ya chemchemi hasa, kwani chemchemi iliyo chini ya vyoo vingi haiaminiki hata ikiwa imejengewa. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Umnyweshe kidogo kidogo, na umpeleke kituo cha afya upesi ukiona damu, macho kubonyea au kulegea.

Hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Mimi nakaa katikati ya mteremko, wala maji hayajanifikia. Kwa miezi mingi nilikuwa nikimpa kijana mmoja fedha kidogo achukue taka zetu kila Jumamosi. Sikuwahi kumuuliza anazipeleka wapi. Siku moja baada ya mvua niliteremka Namuwongo kumtazama mgonjwa, nikaona mfereji umeziba, na watu wakizoa tope kwa mabeseni. Katika takataka zilizoziba nilikuta daftari la mwanangu, jina lake limeandikwa kwa mwandiko wangu. Nilisimama pale nikaona haya. Tangu siku hiyo taka zetu zinatiwa katika magunia, na mke wangu na mimi tunalipia gari la taka na kungoja mpaka tulione likiondoka. Nako zinakokwenda si mwisho wa dhambi. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala tangu mwaka 1996, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30 waliokuwa wakiishi chini yake. Hao nao walikuwa watu wa bondeni.

Ndiyo sababu nasema na wa juu pia, wala si dada yetu peke yake. Mwenye ghorofa Muyenga anayefungulia tangi lake la choo wakati wa mvua ili lisombwe na maji, aelewe kwamba analifungulia kwenye njia ya kuelekea ghubani, na kwamba kutoka ghuba hiyo maji hupandishwa tena mlimani. Sisi watumishi wa Serikali nasi, tunapopitisha ramani ya nyumba, tuulize maji yake yatapita wapi, maana mfereji uliosahauliwa kwenye karatasi hukumbukwa na mvua. Na ndugu zetu askari walio likizo wajitokeze siku ya bulungi bwansi, ile kazi ya pamoja ya kijiji tuliyorithi kwa wazee. Majirani wakimwona afande ameshika koleo, wachache watabaki vitandani.

Sasa nimalizie swali la pili. Mji huu haufi, dada yangu. Mji wenye kazi na watoto wengi kama hawa hauwezi kuitwa mgonjwa mahututi. Lakini wanaotazama maghorofa ya Muyenga na kusema mji umeendelea wanapima mahali pasipo pake. Daktari hapimi afya ya mtu kwa kutazama kofia yake. Mji hupimwa bondeni, usiku wa mvua, kwa kuuliza swali moja: je, watoto wa mlango wa mwisho wamelala pakavu? Siku jibu litakapokuwa ndiyo, tutasema Kampala imekua.

Uniandikie ukishaamua. Na wasomaji wengine mlionunua, mliohama au mliobomolewa, tuandikieni mlivyofanya, ili wenzenu wajifunze. Wiki ijayo, inshallah, ni zamu ya maharagwe.